Modemu ya bei nafuu kwa Commodore 64: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwenye mashine ana Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, toleo la PAL (mfumo wa televisheni) iliyo nzima, kiendesha diski cha 1541 na programu mbili za mawasiliano, CCGMS na Novaterm. Anataka kompyuta ipige simu yenyewe: ifikie BBS (mbao za matangazo za kompyuta) chache ambazo bado zinapokea simu, na ibadilishane faili na mwenzake mwenye mashine ya aina hiyo hiyo. Laini ya shaba imeshaondolewa. Soketi yake ya simu iko mgongoni mwa ruta, na sauti husafiri kwa intaneti. Mfuko wake unatosha modemu moja iliyotumika na vipuri vichache vya kulehemu, basi.

Mbele yake kuna vitu sita. Kuna Commodore 1600, ile VICModem ya 1982, yenye kasi ya biti 300 kwa sekunde. Kuna Commodore 1670 ya 1200. Kuna modemu ya nje ya 2400 na nyingine ya nje ya 33,600, zote za kiunganishi cha pini 25. Halafu kuna modemu ya USB ya 56k na kadi ya ndani ya PCI, nayo ya 56k.

Mtu asiyejua angevutwa na 56k kwa ukubwa wa namba, au na zile za Commodore kwa kuwa zina jina moja na mashine. Sababu zote mbili ni dhaifu. Maswali yanayoamua ni mawili tu: modemu inaunganishwaje na mlango wa mashine hii, na je, inakubali kushushwa kasi na kutulia hapo?

Kasi inayotosha

Commodore 64 haina chipu ya kushughulikia mawasiliano ya serial, yaani ya biti moja moja kwa zamu. Kazi hiyo hufanywa na KERNAL, programu ya msingi iliyo ndani ya mashine, kwa nguvu ya prosesa: kipima muda katika chipu ya pili ya CIA (chipu ya milango na vipima muda) humkatiza prosesa kwa kila biti, naye huacha alilokuwa akifanya, husoma waya, kisha hurudi kazini. Saa ya mashine ya PAL hupiga mara 985,248 kwa sekunde. Kwa kasi ya 1200, kila biti hupata mizunguko 821. Kwa 2400, mizunguko 410. Wakati huo huo chipu ya picha, VIC-II, humsimamisha prosesa kwa mizunguko kama 40 katika kila mstari wa nane wa eneo la maandishi. Kwenye 1200 huo ni ucheleweshaji wa sehemu ya ishirini ya biti, kitu cha kuvumilika. Kwenye 2400 ni sehemu ya kumi, na kazi ya KERNAL yenyewe ya kuingia na kutoka kwenye katizo bado haijahesabiwa. Ndiyo maana KERNAL huaminika hadi 1200, na 2400 huhitaji programu iliyokuja na drayva yake, kama zile mbili alizonazo.

Kupita hapo kunawezekana. Kuna mbinu ya UP9600, inayotumia rejista za kusogeza biti ndani ya CIA na kufika 9600, na kuna katriji ya SwiftLink yenye chipu ya 6551, inayofika 38,400. Lakini tazama upande wa pili wa bomba. Kiendesha diski cha 1541 bila kichapuzi chochote hupitisha takriban baiti 400 kwa sekunde. Modemu ya 2400, kwa biti nane bila pariti (biti ya kukagua makosa) na biti moja ya kusimama, hupitisha herufi 240 kwa sekunde, kwa kuwa kila herufi, pamoja na biti yake ya kuanza, hula biti kumi. Diski yenyewe haiko mbali na hapo.

Kwa msomaji wa skrini, hesabu ni rahisi zaidi. Skrini nzima ni herufi 40 kwa 25, yaani 1,000. Kwa 300 hujaa kwa sekunde 33, na hapo hata mvumilivu huchoka. Kwa 1200 ni sekunde nane na kidogo, kwa 2400 ni nne. Diski iliyojaa, bloku 664 zenye baiti 254 kila moja, hupita kwa dakika 94 kwenye 300, dakika 23 na nusu kwenye 1200, na chini ya dakika 12 kwenye 2400. Muda wa itifaki (kanuni za kutumiana faili) na wa kuandika diskini haumo katika hesabu hizo.

Kwa hiyo lengo ni 2400, na 1200 ikae kama kimbilio.

Laini ya intaneti nayo inasukuma uamuzi upande huo huo. Kiwango cha 2400, V.22bis, hugawa laini kwa masafa: upande mmoja huzungumza kuzunguka 1200 Hz, mwingine kuzunguka 2400 Hz, kila mmoja akituma ishara 600 kwa sekunde zenye biti nne kila moja. Sauti za pande mbili hazigongani. Kuanzia V.32 ya 9600, pande zote mbili huzungumza katika masafa yale yale kwa pamoja, na kila modemu hulazimika kukisia mwangwi wa sauti yake na kuutoa kabla ya kumsikia mwenzake. Kwenye shaba, mwangwi hukaa palepale. Kwenye intaneti, bafa ya sauti ikirefuka au kufupika katikati ya simu, mwangwi huhama, na makisio yote huharibika. Modemu ya kisasa inayojaribu 33,600 kwenye laini ya namna hiyo hupiga kelele nusu dakika halafu hukata, na mwenyewe hudhani ni mbovu.

Walioondolewa

Kadi ya PCI haina pa kuchomekwa, hilo halina mjadala. Ile ya USB huwadanganya wengi kwa sababu ni kisanduku cha nje chenye umbo la modemu. Lakini USB inataka kompyuta mwenyeji, na modemu nyingi za namna hiyo humwachia prosesa wa mwenyeji kazi ya kuchakata sauti. Prosesa wa 8-biti wa 1 MHz hawezi kazi hiyo hata kidogo.

Commodore 1600 ni rahisi kuliko zote, na ina kosa moja linaloiondoa: haipigi namba. Mtu hupiga kwa simu ya kawaida, husubiri mlio wa modemu ya upande wa pili, huchomoa kebo ya mkono wa simu na kuichomeka kwenye modemu. Simu isiyo na kebo ya mkono inayochomoka haifai kabisa, na simu za leo zisizo na waya ziko katika kundi hilo. Zaidi ya hayo, hutumia kiwango cha Bell 103 cha Marekani, ambacho masafa yake (1070 na 1270 Hz kwa anayepiga, 2025 na 2225 Hz kwa anayepokea) hayaelewani na V.21 (980 na 1180, 1650 na 1850). Modemu mbili za 300 kutoka mabara tofauti zinaweza kupigiana simu mchana kutwa zisisikilizane.

1670 ndiyo yenye mvuto wa kweli. Inachomekwa moja kwa moja kwenye mlango wa mtumiaji (user port, nyuma ya kompyuta), inaelewa amri za AT za Hayes, yaani amri za modemu zinazoanza na herufi AT, haihitaji kigeuzi chochote. Kama bei yake ingekuwa sawa na ya modemu ya kawaida ya nje, tungemshauri aichukue na kuweka pembeni vifaa vya kulehemu. Lakini jina la Commodore huwavuta wakusanyaji, na wakusanyaji hupandisha bei. Mnunuzi hulipa zaidi ili apate nusu ya kasi. Kwenye 1200 vilevile kuna mabaki ya ule mgawanyiko, kwa kuwa V.22 na Bell 212A hutofautiana mlio wa kupokea: 2100 Hz kwa 2225 Hz. Modemu nyingi za nje hubadilishwa kwa ATB0 na ATB1. Kwenye 2400 tatizo hilo halipo, kwani V.22bis ni moja dunia nzima.

Zikabaki mbili za nje. Ile ya 2400 haihitaji kushushwa popote, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Dosari yake ni umri wa kapasita zake za elektroliti, na kwamba inauzwa bila adapta yake ya umeme. Jambo la adapta linastahili uzito kuliko linavyopewa. Modemu nyingi za nje hutumia adapta inayotoa umeme wa AC, si DC, ijapokuwa plagi inafanana na ya vifaa vingine vyote. Ndani ya modemu, AC hiyo hutumika kutengeneza volti chanya na hasi. Ukiweka DC, huenda taa zikawaka na modemu ikajibu nusu nusu, au isijibu kabisa. Soma maandishi nyuma ya modemu: volti, ampea, na AC au DC. Modemu ya bei ya chini isiyo na adapta yake si ya bei ya chini tena ukishaitafutia ya kufanana.

Ile ya 33,600 ilikuwa na adapta yake, ni changa zaidi, na ina kumbukumbu ya kuhifadhi mipangilio umeme ukizimwa. Bei ilikuwa ya chini kuliko zote kwa sababu hakuna anayeigombea. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa. Kama pangekuwa na ya 56k ya nje yenye pini 25, ingefaa vilevile, ila isilipiwe zaidi: kasi ya 56k hupatikana tu pale upande wa pili umeunganishwa kidijitali na kampuni ya simu. Modemu mbili za 56k zikipigiana kwenye laini za kawaida huishia 33,600.

Kabla ya kulipa kuna swali moja la kumwuliza muuzaji, au la kujaribu kwenye kompyuta yoyote yenye mlango wa serial: modemu inajibu nini kwa AT+MS=? Ikileta orodha ya viwango, inaweza kushushwa. Za US Robotics hufanya hivyo kwa amri ya &N, na ukiandika AT&$ huonyesha maelezo yake. Modemu isiyo na njia yoyote kati ya hizo iachwe, hata ikiwa ya bure.

Kigeuzi

Mlango wa mtumiaji hutoa volti 0 na 5. RS-232, kiwango cha mlango wa serial wa modemu, hutaka volti chanya na hasi, tena zikiwa zimegeuzwa. Katikati huwekwa chipu ya MAX232 ya kugeuza volti hizo, kapasita tano za mikrofaradi 1, kiunganishi cha ukingo cha pini 24 (safu mbili za 12, nafasi ya milimita 3.96) na plagi ya pini 25 ya kiume, kwa kuwa modemu ina ya kike.

Kapasita ya kwanza hukaa kati ya pini 1 na 3 za chipu, chanya ikiwa kwenye 1. Ya pili kati ya 4 na 5, chanya kwenye 4. Ya tatu kutoka 2 kwenda ardhini, chanya kwenye 2. Ya nne kutoka 6 kwenda ardhini, na hii hugeuzwa: hasi kwenye 6. Ya tano kati ya 16 na 15, karibu na chipu kadiri inavyowezekana. Ile ya nne ndiyo inayokosewa mara nyingi, na ikikosewa chipu hupata joto na volti hasi haitokei.

Upande wa kompyuta, pini 2 ya mlango (volti 5) huenda 16 ya chipu, na pini N (ardhi) huenda 15 na pia pini 7 ya plagi ya modemu. Pini M, inayotuma data, huenda 11. Kutoka 14 waya huenda pini 2 ya plagi. Pini 3 ya plagi huleta data ya modemu hadi 13, na kutoka 12 waya huenda pini B na C za mlango kwa pamoja. Usipindue 2 na 3: modemu hutaka kebo ya moja kwa moja. Atakayetumia kebo ya pini 9 akumbuke kwamba kwenye pini 9 namba hizo mbili hubadilishana maana, 3 ikiwa ya kutuma na 2 ya kupokea, na ardhi ni 5.

Kiunganishi cha bei nafuu mara nyingi hakina vizuizi vya kuzuia kuchomekwa kichwa chini. Hatari yake inahesabika. Kikigeuzwa, pini 10 na 11 za kompyuta, zenye volti 9 za AC, hukutana na migusano ya C na B ya kigeuzi. Hizo mbili tumeziunganisha kwa waya. Matokeo ni shoti ya moja kwa moja kwenye volti 9, na fyuzi ya ndani ya kompyuta ikiwahi kukatika, mshukuru Mungu. Andika JUU kwa wino usiofutika upande wa namba, au gundisha kipande cha plastiki kwenye nafasi ya ufa ulioko kwenye bodi. Na kigeuzi kichomekwe au kuchomolewa mashine ikiwa imezimwa, kila mara.

Jaribio la kwanza hufanywa bila modemu. Unganisha pini 2 na 3 za plagi ya pini 25 kwa kipande cha waya, kisha andika:

10 OPEN 2,2,0,CHR$(8)+CHR$(0)
20 GET A$:IF A$<>"" THEN PRINT#2,A$;
30 GET#2,B$:IF B$<>"" THEN PRINT B$;
40 GOTO 20

CHR$(8) ni kasi ya 1200; 6 ingekuwa 300. OPEN iwe ya kwanza, kwa sababu hutenga bafa mbili za baiti 256 juu ya kumbukumbu ya BASIC na hufuta vigeu vyote vilivyotangulia. Kila herufi unayobonyeza inapaswa kutokea kwenye skrini, na ukitoa kipande cha waya isitokee.

Katika kisa hiki hazikutokea. Mita ilionyesha pini 2 ya plagi ina volti hasi, kama inavyotakiwa laini ikiwa kimya, kwa hiyo upande wa kutuma ulikuwa salama. Tatizo lilikuwa lehemu iliyofika C bila kufika B. Mlango huu hupokea data kwa pini mbili zenye kazi tofauti. B hushtuka volti inaposhuka mwanzoni mwa herufi na kumkatiza prosesa. C ndiyo inayosomwa thamani ya kila biti. C ikiwa peke yake, prosesa haitwi kamwe, na skrini hubaki tupu. B ikiwa peke yake, prosesa huitwa lakini hana cha kusoma. Lehemu moja ilimaliza shida.

Amri, na kitufe cha pauni

Modemu ikishaunganishwa, hupima kasi ya mlango kutokana na herufi A na T zenyewe. Basi programu iwekwe 2400 kwanza, ndipo amri ziandikwe. Ziandikwe bila SHIFT: Commodore hutuma herufi zisizo za SHIFT kwa namba 65 hadi 90, ambazo kwa modemu ni herufi kubwa za ASCII. Ukishika SHIFT zinatoka 193 na kuendelea, na modemu hunyamaza. Wengi huona ukimya huo wakaanza kufungua kigeuzi kisicho na kosa.

Modemu hii ni ya familia ya Rockwell. Mfululizo uliowekwa ni huu:

AT&F
ATE1V1W0X3
AT&C1&D0&K0\N0%C0
AT+MS=V22B
AT&W

Alama ya \ haipo kwenye kibodi ya Commodore 64. Bonyeza kitufe cha £. Namba yake ni 92, ile ile ambayo modemu huisoma kama \. Asiyetaka kubahatisha aandike &Q6 mahali pa \N0, athari ni moja.

Sasa kwa nini kila kimoja. &D0 huiambia modemu ipuuze waya wa DTR (unaosema kompyuta iko tayari), ambao kigeuzi chetu hakinao; ukiuacha, modemu hukata simu au hukataa kupiga. &K0 huzima udhibiti wa mtiririko kwa sababu hiyo hiyo: hakuna waya wa RTS wala CTS, zile za kuomba na kuruhusu kutuma. %C0 huzima ubanaji wa data. X3 huiruhusu ipige bila kusubiri mlio wa laini, maana mlio unaotolewa na ruta si lazima ufanane na ule modemu iliofundishwa, na jibu la NO DIALTONE ni la kawaida sana kwenye laini hizi. W0 hufanya jibu la CONNECT litaje kasi ya mlango. Bila hiyo modemu inaweza kutaja kasi ya laini, na programu ya zamani ikiona CONNECT 1200 hubadilisha kasi yake yenyewe, wakati mlango wa modemu umebaki 2400. Kinachofuata ni takataka skrini nzima. Modemu za zamani zaidi hazielewi jina V22B na hujibu ERROR; hizo zipewe AT+MS=2.

\N0 inahitaji maelezo zaidi, kwani hapa ndipo wenye uzoefu hutofautiana. Ingewezekana kuacha V.42 ikiwa hai, laini isafishwe makosa na modemu zenyewe. Lakini BBS yenye modemu ya zamani haijui V.42, na katika sekunde za mwanzo hupata herufi za ajabu za modemu yetu ikiuliza kama inaeleweka. Baadhi ya BBS huzichukua kuwa jina la mtumiaji. Ingewezekana pia \N1, inayofunga kasi ya mlango kwenye kasi ya laini, lakini hapo simu ya 1200 hubadilisha mlango katikati ya mazungumzo. \N0 haisahihishi makosa, ila mlango hubaki 2400 hata laini ikishuka 1200, na makosa huachiwa itifaki ya faili. Kwa mashine isiyo na udhibiti wa mtiririko, huo ndio mpangilio wenye mitego michache zaidi.

Atakayekuwa na US Robotics asinakili mfululizo huo. Kwake &K ni ubanaji, si mtiririko. Wake ni AT&F0&M0&K0&N3&B1, ambapo &N3 ni 2400 na &N2 ni 1200; na kwa kuwa &N3 hushikilia 2400 tu, simu kwa modemu ya 1200 itakatika mpaka ibadilishwe.

Laini

Kabla ya kuilaumu ruta, modemu mbili zilijaribiwa meza moja. Unganisha nyaya mbili za simu za modemu moja na mbili za nyingine, na katikati ya waya mmoja weka betri ya volti 9 ikifuatana na rezista ya ohmu 300 hivi. Hakuna mlio wa kuita, kwa hiyo upande mmoja huandika ATX1D na mwingine, sekunde moja baadaye, ATA. Zikishikana hapo na kukataa kwenye laini, kosa liko kwenye laini. Zilishikana.

Kwenye laini, simu ya kwanza ilitoa CONNECT na kukatika baada ya sekunde chache. Sababu ilikuwa ndani ya mipangilio ya sauti ya ruta: kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya kwanza ilikuwa G.729, inayobana sauti ya mtu hadi biti 8,000 kwa sekunde kwa kukisia umbo la koo. Modemu haina koo. Iwekwe G.711 peke yake, yenye biti 64,000, na G.729 iondolewe kwenye orodha isije ikachaguliwa na upande wa pili. Uzimwe ukandamizaji wa ukimya, uzimwe uondoaji wa mwangwi, na bafa ya sauti iwe ya urefu usiobadilika. Simu inayongoja nayo izimwe, kwa kuwa mlio wake katikati ya mazungumzo huonekana kama laini imekatika; ATS10=50 huongeza uvumilivu wa modemu hadi sekunde tano. Namba zipigwe kwa ATDT. Ruta nyingi hazielewi ATDP.

Pakiti ya sauti ikipotea, hupotea milisekunde 20. Kwa 2400 hizo ni biti 48, yaani herufi tano zilizoharibika. Msomaji huona mabano na alama zisizo na maana kisha sentensi huendelea. Kwa 14,400 upotevu huo huo ni biti 288, na mara nyingi modemu hulazimika kuanza upya kupimana.

Kwa faili, itifaki ichaguliwe kwa kuangalia diski. Commodore 64 haiwezi kupokea kwenye mlango wa mtumiaji huku ikizungumza na 1541, kwa kuwa kazi zote mbili hutegemea saa ya prosesa yule yule. Itifaki inayotuma bila kusimama, kama ZMODEM au YMODEM-G, hupoteza baiti kila diski inapoandika. XMODEM na Punter hutuma bloku moja na kungoja jibu; mashine huandika diskini kwanza, ndipo huitikia. Bloku ya XMODEM ni baiti 132 pamoja na kichwa chake, sekunde 0.55 kwenye 2400. Laini ya intaneti ikichelewesha jibu kwa milisekunde 200, kasi halisi hushuka hadi baiti 170 kwa sekunde, na diski nzima huchukua dakika 16 na nusu kabla ya kuhesabu uandishi. Bloku kubwa za 1,024 huokoa muda huo kwenye laini safi. Kwenye laini inayopoteza pakiti hugeuka hasara, kwa kuwa kosa moja hurudisha kilobaiti nzima.

Kuna modemu za Wi-Fi za chipu ya ESP8266 zinazoitikia amri za AT na "kupiga" anwani ya intaneti mahali pa namba. Kama haja ingekuwa BBS za intaneti pekee, hiyo ingeshinda zote sita kwa bei na kwa urahisi. Hapa mwenzake hupokea kwa simu, kwa hiyo haikuingia mezani. Atakayeiongeza baadaye achague yenye plagi ya RS-232, itumie kigeuzi kile kile, na aipe umeme wake wa pembeni: pini 2 ya mlango wa mtumiaji hutoa miliampea 100 tu, na ESP8266 inaporusha mawimbi huvuta zaidi ya 300 kwa kitambo kifupi. Nayo ipewe 2400 kama kasi ya mlango, kwa sababu zile zile za prosesa na VIC-II.